Wifi, Maji Yamenyamaza

Wifi yangu Mwajuma,

Mimi mzima. Wewe hali sikuulizi, jibu ninalijua. Usishangae mwandiko, ni wangu mwenyewe. Tangu ututoke nimeingia kisomo cha watu wazima, bibi wa wajukuu tisa, nakaa benchi moja na wanawake wa rika la binti zangu. Herufi zinapanda na kushuka kama njia ya milima ya Vidunda, lakini nafika.

Tumehamia kijiji kipya. Nyumba zimesimama mstari kama watoto wa shule, na shamba tunalima pamoja. Wavivu wako wa zamani sasa ni wavivu kwa zamu.

Lililonileta ni lile la sufuria. Maji yakianza tu kuimba, mimi naepua. Wewe unayarudisha mekoni: "Wifi, hayo bado. Yanajisifu tu, kama wewe. Subiri yanyamaze." Nikakuambia nilichemsha maji kabla hujaota meno. Tukawekeana sharti kwamba atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo. Mimi, mke wa kaka yako, nikuamkie wewe niliyekukuta unatambaa siku naolewa! Nikacheka. Ukaenda zako na ugomvi haujaisha.

Juzi mjukuu wetu, yule tuliyempa jina lako, aliharisha siku tatu. Wifi, niliogopa. Mwalimu wa kisomo akaniuliza kama nachemsha maji ya kunywa. Nikamwambia asinitukane, nachemsha mpaka yanaimba. Akatikisa kichwa. Kesho yake akaleta jiko na sufuria darasani.

"Bibi, chungulia."

Nikachungulia. Viputo vinazaliwa chini penye moto, vinapanda, vikikutana na maji ya juu ambayo bado hayajapata moto, vinasinyaa na kufa. Ule wimbo niliousifia miaka yote ni vifo vyao. Akasema maji yana kama ngozi. Sikuamini, akalaza wembe juu ya maji ya bakuli, ukakaa. Akadondosha maji ya sabuni, ukazama. Basi ngozi hiyo hiyo inakizunguka kiputo na kukibana, na kikiwa kidogo ndipo kinapobanwa zaidi. Maji yakishapata moto wote, viputo vinafika juu vikubwa, kelele inashuka, yanatokota, na hayo ndiyo ya kumpa mtoto.

Akaliandika neno lenyewe ubaoni: KUTOKOTA. Nikalisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na nilipofika mwisho wake nikajua umenishinda.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wenzangu wakadhani ni furaha ya kusoma. Nikawaacha wadhani hivyo. Nilikuwa nakuona mlangoni na kanga yako kiunoni, tayari kwenda kutangaza nyumba hadi nyumba.

Mtoto amepona. Anakula udongo kama kawaida, na ukimkataza anakutazama kwa jicho lako lile lile. Maji yake sitayaepua tena yakiimba. Nitakaa kwenye kigoda mpaka yanyamaze na kutokota, hata kuni zikiisha niende kuokota nyingine, na akikua nitamfundisha kusikiliza sufuria. Nitamwambia nani alijua mwanzo.

Lala salama, wifi. Uniwekee nafasi kando yako, lakini usiniharakishe, bado kitabu cha pili sijamaliza.

Haya. Nasema mara moja tu, na hakuna mtu hapa wa kunisikia.

Shikamoo, wifi.

Usizoee.

Mkubwa wako,
Mama Hamisi