Kichwa cha Kijani na Mafiga ya Mama

Jumatatu, 11 Agosti
Nimepita stesheni baada ya shule, kama kawaida. Kitabu cha fizikia mapajani, sijasoma hata ukurasa. Treni ya mizigo imeingia Kilosa ikivutwa na kichwa cha kijani! Vichwa vyetu si vya kijani. Ubavuni kina jina la reli ya nchi jirani. Kimefikaje? Kwa nini kivute mabehewa yetu? Dereva alikuwa pale pale, ningeweza kumuuliza. Nikaishia kuangalia viatu vyangu.

Mada ya mdahalo imebandikwa: "Kuazima ni dalili ya udhaifu." Mwalimu Mbago kanipanga upande wa kupinga. Ijumaa tunajaribiwa mbele ya shule, kisha anachagua wawili wa kwenda mashindano ya Mikumi. Mwaka jana nilisimama, nikasema "Mheshimiwa Mwenyekiti", basi. Sauti ikakata. Shule nzima ilicheka. Nikikwama tena, sisimami mbele ya watu maisha yangu yote. Najijua.

Jumanne, 12 Agosti
Mjomba Hamisi anaunganisha mabehewa pale stesheni. Nimejitolea kumpelekea chakula.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo wali umekuja na maswali, naona."

Kichwa kimeazimwa! Vyetu vingine viko kwa mafundi, na mzigo umezidi. Hakuna reli inayonunua vichwa kwa ajili ya miezi ya mzigo mwingi tu. Miezi mingine vingelala vikishika kutu. Afadhali umwendee jirani ambaye kwake kumepoa. Tena kuna nchi ambako treni ikitoka reli ya kampuni moja kuingia ya nyingine, kichwa hakifunguliwi. Kinaendelea mpaka mwisho wa safari, maana kubadilisha kunapoteza muda. Halafu wanahesabiana saa: changu kimevuta kwako, chako kije kivute kwangu. Deni linalipwa kwa kuvuta!

Nimerudi nyumbani nakimbia. Bakuli la mjomba nimelisahau.

Alhamisi, 14 Agosti
Mazoezi mbele ya mbuzi. Mbuzi hawacheki. Hotuba yangu ni nzuri. Naogopa kuandika hivyo lakini ni nzuri.

Ijumaa, 15 Agosti
Aibu.

Nilianza vizuri. Watu wakanyamaza, wakasikiliza. Utamu ukanizidi. Nikasema kichwa kile kinaweza kushuka Mikumi, kipite Kidatu, kiende moja kwa moja mpaka Zambia. Petro, yule wa kutoka Rudewa, akasimama upande wa pili.

"Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Baba yangu anahamisha mizigo Kidatu, treni hadi treni. Reli ya kwenda Zambia ni pana kuliko hii yetu. Hicho kichwa labda dada yetu akibebe mgongoni."

Kicheko. Sauti ikakata. Nikakaa.

Mwalimu katangaza wa kwenda Mikumi: mimi na Petro. Upande mmoja, kupinga. Eti yeye anajua kukosoa na mimi najua kueleza. Simtaki Petro. Sitaki Mikumi.

Jumapili, 17 Agosti
LAZIMA niandike haraka, naitwa kumenya vitunguu.

Harusi ya binamu yangu, chakula kinapikwa kwetu. Mama kaazima masufuria makubwa ya jirani, Mama Rehema, yenye alama ya rangi nyekundu kitakoni ili yasipotee. La kwanza lilikaa vizuri jikoni. La pili, dogo kidogo, likapita katikati ya mafiga, puu, maji yakazima moto wote.

"Wifi, mafiga haya ni ya kumpikia tembo?" shangazi akasema. Wote wakacheka. Mama akasogeza mafiga, likakaa.

Nikapiga kelele. Mafiga yanasogezwa, reli haisogezwi! Wanaotaka kuazimana lazima wakubaliane upana kabla ya kujenga. Wasiokubaliana wanabaki kuhamisha mizigo kama Kidatu. Kumbe kosa langu ndiyo hoja yangu kubwa!

Nimempigia Petro kwa simu ya Mama. Sijawahi kumpigia mvulana. Nimeuliza reli zile zinapishana upana kiasi gani.

"Kama vidole vinne tu."

Vidole vinne! Mzigo wote unashushwa na kupakiwa upya kwa sababu ya vidole vinne! Tumeongea mpaka salio la Mama likaisha. Simchukii tena Petro.

Jumamosi, 23 Agosti
Mikumi. Malori yanaunguruma nje, ukumbi umejaa. Mzungumzaji wa shule pinzani alikuwa na sauti kama ya spika ya harusini. "Mwenye nguvu hapigi hodi kwa jirani!" Makofi.

Zamu yangu. "Mheshimiwa Mwenyekiti." Basi. Nikaona viatu vyangu.

Petro akaweka mkono juu ya meza. Vidole vinne.

Nikacheka! Mbele ya ukumbi mzima, nikacheka, na sauti ikatoka. Nikaeleza kichwa cha kijani. Nikaeleza mafiga. Nikamgeukia yule mzungumzaji: mwenye vichwa vingi vilivyolala, na mwenye vichwa vichache visivyolala, nani ana nguvu? Ukumbi ulilipuka. Kengele ililia, sikuisikia. Ikalia tena. Nilikuwa bado naeleza saa zinavyolipwa. Petro akanivuta sketi.

Tumekatwa alama kwa kuzidisha muda. Tumekuwa wa pili.

"Zuhura! Wewe ndiye wa kukatwa alama kwa kusema sana?" Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Tumeshindwa, na sijawahi kufurahi hivi.

Jumapili, 24 Agosti
Wageni wa mwisho wa harusi wameondoka asubuhi. Mama kanituma nirudishe masufuria. Kwetu sufuria la watu halirudi tupu, kwa hiyo kaweka mchele ndani, kafunika na kitambaa.

Kwenye kivuko cha reli nilisubiri. Kichwa cha kijani kilikuwa kinarudi kwao, kuelekea Dodoma. Nyuma yake mabehewa, yote yamejaa. Dereva akanipungia. Nilikuwa na masufuria kichwani, nikampungia kwa mkono mmoja. Nikasema "safari njema" kwa sauti, ingawa hakuweza kusikia.

Mama Rehema alikuwa anapepeta mahindi uani. Kaitikia shikamoo yangu, kafunua kitambaa, katabasamu.

"Nasikia huko Mikumi ulisema mpaka kengele ikachoka. Ulisema nini, mwanangu?"

Siku zote ningejibu "hamna kitu" na kuondoka.

Nikavuta kigoda, nikakaa.