Kamuulize Mzungu Wenu

Jumatano. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limejaa mpaka kwenye meza za ofisi, na mimi sina raha.

Nina wivu. Nimeshaandika, basi.

Hii ni wiki ya tatu tangu Hannah aje kutoka Uingereza kujitolea kufundisha Kiingereza shuleni kwetu, hapa Singida Mjini. Ana miaka ishirini na miwili. Ualimu hajasomea. Lakini akiingia darasani watoto wanakaa wima, na leo mkuu wa shule amesema mbele ya walimu wote, "Sasa watoto wamepata Kiingereza chenyewe."

Chenyewe! Miaka kumi na moja nimesimama kwenye ubao ule. Kumbe nilikuwa nafundisha nini?

Kwangu Kiingereza ni lugha ya tatu. Nyumbani, kijijini Kinyangiri, tuliongea Kinyiramba, Kiswahili nikakikuta shule, Kiingereza nikakipata kwa kukariri na kuchekwa. Hannah amezaliwa nacho. Hata akipiga chafya, naona anapiga kwa lafudhi nzuri.

Baada ya vipindi, Neema wa kidato cha pili alinifuata ofisini. Ni binti mpole, kuuliza swali kwake ni kazi kubwa.

"Shikamoo madam. Naomba unielekeze, ni wakati gani tunatumia 'since' na wakati gani 'for'? Nilimuuliza Madam Hannah, akasema hajui kueleza, yeye anasikia tu ipi ni sahihi."

Jibu nilikuwa nalo. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe miaka mingi, najua mtu anateleza wapi hasa. Dakika tano zingetosha.

Nikamwambia, "Si mnasema yeye ndiye anayekijua? Kamuulize mzungu wenu."

"Sawa madam," akasema, akafunga daftari.

Nilifurahi. Dakika moja hivi.

Kisha nikamwona dirishani anakatiza uwanja, anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Nikatoka mbio kumwita, lakini alikuwa ameshatoka getini.

Hannah hakujua, akamwambia ukweli. Mimi nilijua, nikamnyima.

Kesho, kabla ya kengele ya kwanza, nitamtafuta Neema nimwombe radhi, kisha tukae na hilo daftari. Je, nimwite na Hannah aje asikilize? Hapo moyo bado unagoma.

Nitaanza na Neema.