Televisheni ya Umeme wa Dukani

Jumamosi, usiku

Swali moja tu lilinipita leo: hii televisheni inatumia umeme gani?

Kule Kabanga nilimbana muuzaji mpaka akachoka. Nilikagua kioo, rimoti, hata sauti. Akasema, "Dada, kwa bei hiyo hata kamba ya kufungia usiniombe." Nikacheka, nikajiona mjanja. Ilikuwa inawaka vizuri sana, kwa umeme wa dukani.

Sisi hapa Murukulazo tuna sola na betri moja. Televisheni za sola zilikuwa pale pale, rafu ya chini, ila ni ndogo na bei yake iligoma kushuka. Mimi niliona ukubwa, basi.

Majirani walifika kabla sijafungua boksi, kila mtu na kigoda chake. Elias, mume wangu, alishika waya, akautazama, akaitazama betri, akatoka nje bila neno. Hilo ndilo linanisumbua. Angegomba ningejua pa kuanzia. Sasa amelala, kanipa mgongo. Kesho nianze kutafuta inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa dukani, na betri yenyewe itaihimili kweli, au nirudi kwa yule muuzaji na aibu yangu...

Mama mkwe hakuinuka Elias alipotoka. Alikaa na majirani chini ya taa, wakitazama kioo cheusi. Kisha akaniita, "Mkamwana, njoo ukae. Hii yako inaonyesha watu wa hapa hapa."

Nikachungulia. Tulikuwemo wote, isipokuwa Elias.