Vipande Vitatu vya Msumeno na Bilauri

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma ya karakana,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hamjambo huko, wewe na wifi na yule kitinda mimba wenu? Kifua chako kimetulia? Sisi ni wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Nilikuambia nimetunga vipande vitatu vifupi vya watu watatu. Mume wangu anapiga mabomba ya plastiki kwa ndara, cheka tu. Jirani yetu mshonaji anasugua kingo za bilauri zenye maji. Baba anapiga msumeno wake kwa upinde wa fidla. Shule ya muziki ikatupa ukumbi wake, Jumamosi iliyopita.

Wiki mbili kabla, mambo yakaharibika. Katika kipande cha pili msumeno unapanda peke yake mpaka noti ya juu kabisa, kisha bilauri zinaipokea. Kila tukifika pale Baba anapitiliza, meno yanatusisimka.

"Baba, umepanda mno."

"Bilauri zake ndizo zimejaa mno."

Mshonaji akapunguza maji, akaongeza, akachoka. Siku ya tatu akaninong'oneza mlangoni, "Dada, mzee haisikii noti ile ya juu. Anafuata vidole vyangu kwa macho."

Kesho yake nikasimama nyuma ya Baba akiwa anapiga msasa, nikaisugua bilauri ndogo mpaka ikalia. Hakugeuka.

Nikafanya ujinga. Nikaiondoa noti ile, nikamwambia nimeamua tu kubadilisha. Akaisoma karatasi mara mbili, akaiweka juu ya meza.

"Mwanangu, unanihurumia?"

Nikajifanya napanga karatasi. Siku nne hakunisemesha. Tulipishana sebuleni kama watu waliopanga foleni benki. Karakana akaifunga kwa ndani, na hakuna aliyejua kama Jumamosi atatokea.

Alitokea, na suti ya kahawia, msumeno kauviringisha kwenye shuka. Hata jicho hakunitupia. Kipande cha kwanza kikapita salama. Cha pili, pale pale, nikauona mkono wake wa kushoto unaukunja msumeno kuliko nilivyoandika. Alikuwa anairudia noti ya zamani! Mume wangu akaganda, ndara hewani. Nami nilikaa mstari wa mbele, siwezi kumzuia, siwezi kumsaidia.

Baba alikuwa ameinamisha macho kwenye koti lake. Ncha ya msumeno ikashuka polepole, ikasimama usawa wa kifungo cha pili. Noti ikatoka safi, nyembamba kama uzi, na bilauri zikaipokea.

Kumbe siku zile zote mshonaji, msaliti yule, alikuwa akiingia karakanani kwa mlango wa nyuma na kumtikisia kichwa: bado, bado, hapo. Baba, fundi wetu, akapima kwa rula pale ncha iliposimama: usawa wa kifungo cha pili.

Watu walipokuwa wanapiga makofi, Baba akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Sikuisikia. Ilikuwaje?"

"Ilifika, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuviringisha msumeno.

Sasa hili ni lako, Kaka. Unalalamika kwamba ukimpigia simu anasema "sawa, sawa" kisha anakata. Unadhani bado ana kinyongo kwa vile uliiacha karakana ukaondoka. Sivyo. Nimemuuliza, akakiri: sauti yako kwenye simu anaisikia kama mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia, na anaona haya kukuambia rudia. Mwaka mzima, Kaka, mmekuwa mkiumizana bure.

Mwandikie. Andika kwa mkono, herufi kubwa, na usiandike habari za masikio. Mwulize jinsi ya kunoa randa, hata kama unajua.

Nisalimie wifi, na mpapase kichwa kitinda mimba. Shangazi akipita kwenu, mwambie bado namdai stori. Mola awafunike kwa rehema zake, na awakutanishe, wewe na Baba, angali ana hamu ya kukuona.

Mimi ni mdogo wako, ninayekupenda hata ukinuna.