Chakula cha Shemeji Gladness

Mkolani,
Mwanza.
Jumamosi, 14/6/2025

Mpendwa dada Teodora,

Walimnyang'anya mwiko mbele ya watu, dada. Shemeji Gladness alikuwa anasonga ugali kwenye msiba wa mzee Alexander, jirani yetu, jasho linamtoka, Mama Chenge wa dukani akaja akamshika mkono. Akamwambia, "Mama Princess, wewe kapumzike. Tutasonga wenyewe." Gladness akacheka, akadhani utani. Akaangalia wenzake, kila mtu akainamia sufuria. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kuni, nimeona yote, na nilijua ni kwa sababu yangu.

Nisamehe nimeanza bila salamu. Shikamoo dada. Huko Tunduma baridi imeshaanza kuuma? Mguu wako unaendeleaje, na watoto hawajambo? Sisi huku tunaamka salama. Kaka Josephat kazini anaenda, mtoto wao Princess ameota meno mawili. Ningepiga simu, lakini hapa ukuta ni mmoja na wapangaji wenzetu, ukikohoa wanakuambia pole. Hii barua nampa Obedi, anakuja huko na lori.

Ule ugonjwa wangu wa kuvimba midomo, hospitali walishaupatia jina. Wanasema salisileti. Siyo mdudu. Ni kitu kimo ndani ya vyakula vyenyewe, watu wengine hakiwafanyi kitu, mimi kikizidi natoka mabaka, midomo inavimba, kifua kinabana. Kipimo cha damu hakuna. Sista wa lishe, anaitwa Akinyi, alinikataza nyanya, viungo vya pilau, pilipili, chai ya majani, asali, machungwa na vidonge vya aspirini. Akanipa daftari niandike kila ninachokula na nilivyoamka. Wewe unajua mwandiko wangu, niliishia la nne, lakini sikuruka hata siku moja.

Nikaanza kupika mwenyewe kwenye sufuria langu. Wali, maharage, kabichi, samaki wa kuchemsha na chumvi. Hapo maneno yakaanza. Kaka akasema, "Kwa baba wanaume wote tulikula sahani moja. Anayekula peke yake ana jambo lake." Gladness yeye unamjua ni mtu wa utani. "Shem, mtoto wa Kisukuma unaogopa nyanya? Ng'ombe akikupiga pembe je?" Nikacheka naye, lakini nilikuwa namwangalia mikono.

Kwa sababu mabaka hayakuisha, dada. Napika mwenyewe, nakula mwenyewe, na bado usiku nawashwa, asubuhi mdomo kama nimeng'atwa na nyuki. Nikajiuliza, nani anagusa sufuria nikiwa mashineni nabeba mpunga? Nikawa naegesha kijiti cha kiberiti juu ya mfuniko. Anayefunua lazima kianguke. Nikirudi nakikuta pale pale. Mtu mwingine angetulia. Mimi nikasema huyu mwanamke ni mjanja, anakirudisha.

Siku moja kifua kilinibana sana, nikapita kwa Mama Chenge kununua pipi kifua kama kawaida yangu. Akaniuliza mbona umevimba hivyo. Neno likanitoka. Nikasema, "Sijui shemeji ananiwekea nini." Hilo tu. Mimi ambaye naweza kukaa wiki sijaongea na mtu, siku hiyo nikaongea. Zikapita siku tisa mzee Alexander akafariki, na mwiko ukachukuliwa.

Jumatano nilirudi hospitali. Sista Akinyi akasoma daftari lote mpaka mwisho. Halafu akanitazama shavu.

"Unamung'unya nini?"

"Pipi kifua, sista."

"Unakula ngapi kwa siku?"

"Sita. Kifua kikibana sana, kumi."

"Na mbona humu sijaiona?"

Nikamwambia umeniambia niandike chakula, hii ni dawa. Akaanza kucheka, akaona sicheki, akaacha. Akasema minti iliyomo kwenye hizo pipi ndiyo imejaa kile kitu nilichokatazwa, na kila nikibanwa nilikuwa naongeza. Akaniambia nizitupe na kifua kikibana tena nije haraka. Leo siku ya tatu sijaweka hata moja mdomoni. Mabaka ya mikononi yameanza kufifia.

Jioni ile ile niliwaambia kaka na Gladness, mpaka habari ya kijiti. Kaka alitoka nje. Gladness alikuwa ananyonyesha, hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Na Mama Chenge umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Jumamosi jumuiya inasali hapa kwetu. Nitapika. Wasipokula chakula changu, Jumapili nabeba mwanangu narudi kwetu Magu. Siwezi kukaa mahali naitwa mtia sumu."

Dada, nimekwenda dukani kwa Mama Chenge mara tatu nimwambie. Kila nikifika ananiuliza nikupe nini, nasema chumvi. Sasa tuna pakiti tatu za chumvi.

Leo asubuhi nikamwomba Gladness anipikie yeye mwenyewe. Sato wa kuchemsha, ugali, basi. Akaweka mikono kiunoni. "Nikupikie mimi? Usije ukafa ukaniponza." Nikamwambia pika tu shem. Baadaye nikasikia anaparua magamba.

Nikuambie ukweli, maana wewe ndiye ulinilea. Roho haijatulia. Jambo nalijua, sista amenionyesha na mwili wangu umeonyesha, lakini mfuniko ukigonga masikio yananisimama. Nimeingia humu chumbani kukuandikia ili nisikae mlangoni kumwangalia mikono. Tangu aanze kupika sijachungulia.

Nisalimie shemeji mumeo, na mpwa wangu Collins aache kupanda miti. Mwambie bibi Modesta ile dawa yake ya tangawizi na asali asinitumie tena, asione namdharau. Mungu akuponye huo mguu, akutunzie nyumba.

Wanajumuiya wameshamaliza kusali. Nasikia sahani zinagawiwa, lakini sisikii anayekula. Sasa hivi Mama Chenge amesema yeye ameshiba kwake, na mwingine naye ameshiba. Inabidi niache hapa, nikachukue sahani yangu mkononi mwa Gladness, nikae katikati yao nianze kula. Nikishameza nitawaambia lile la pipi, hata sauti ikitoka kidogo.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Mhoja