Kinanda cha Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepoa na hujarudia kubeba ndoo kwa ubishi. Mimi ni mzima, nimenenepa, na ndoa imenikubali. Naimba nikifua, naimba nikimenya vitunguu, hadi majirani wameshaanza kugonga ukuta.

Sijui nianzie wapi kumsifu mume wangu. Mama alisema mpiga kinanda si mume, ni mgeni anayelala kwako akikosa harusi ya kupiga. Basi mwambie kwamba mgeni huyu hunipigia pasi shati la kazi kabla sijaamka. Jioni akirudi hataki hata chakula kwanza. Tunakaa kitandani, kinanda tunakiweka juu ya meza ya kupigia pasi, na ananifundisha. Wenzangu hununuliwa mikufu. Mimi napewa midundo, na sibadilishani na mtu.

Kinanda chake, dada, kinarekodi unachopiga na kukirudia chenyewe. Kwanza unachagua mwendo. Ananiambia nitembee chumbani kama bibi harusi anayeingia ukumbini, naye anageuza kitufe mpaka mdundo uende na hatua zangu. Kisha kuna kitu wanachokiita swingi: midundo midogo ya katikati unaichelewesha kidogo, kidogo tu, wimbo uache kutembea kama askari uanze kutembea kama mtu anayependwa. Ukizidisha, unapepesuka kama mlevi. Halafu kuna mashine ya ngoma, iliyounganishwa na kinanda kwa waya. Kila moja ina saa yake ndani, kwa hiyo lazima uchague moja itawale na nyingine ikubali kufuata. Nilimuuliza kati yetu nani anatawala. Akaniambia yeye alishageuza swichi yake tangu siku ya posa. Dada, niliyeyuka.

Niliona ni mapenzi, na bado nasema ni mapenzi. Ila Jumamosi iliyopita nilifuatana naye kwenye harusi, na huko alisahau kukiambia kinanda kifuate. Namba za mwendo zilikuwa sawa kwenye vioo vya mashine zote mbili, lakini kila mashine ilikwenda kwa saa yake. Mwanzoni haikusikika. Kufika katikati ya wimbo ngoma ilikuwa imetangulia, kinanda kinaburuta miguu nyuma, maharusi wanagongana magoti, na mpiga gitaa ameacha kupiga. Mume wangu aliendelea, uso umejaa furaha, akitikisa kichwa kwa mdundo ambao humo ukumbini haukuwepo.

Nilidhani anatania. Alipozidi nilipanda jukwaani, nikazima, nikakiweka kinanda kifuate mashine, nikawasha tena. Alitazama mkono wangu, akatazama nyuso za watu, na furaha ikamtoka usoni polepole. Baadaye kiongozi wa bendi, ambaye wote wanamwita Kamanda, alimtania kuwa fungate limemziba masikio. Watu wakacheka. Naye akacheka, lakini baada ya kuwaona wengine wanacheka.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango. Alivua viatu, akaketi, akaniambia mwenyewe.

"Besi naisikia kwa miguu," alisema. "Vingine vyote nakumbuka tu."

Masikio yake yanakufa, dada. Daktari alimwambia kabla ya posa kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Aliogopa nikijua nitamkataa, kisha akaogopa zaidi kwamba nitamkubali kwa huruma. Na yale masomo ya jioni, niliyokuwa nikiyasimulia kazini kwa majivuno, alikuwa akinikabidhi kazi yake. Alisema kiti chake hana budi kukiacha, basi akikalie mtu ambaye yeye mwenyewe atapenda kumtazama.

Nilikasirika kwamba alinificha. Nilikasirika zaidi kwamba ningemkubali vilevile, na hakunipa nafasi ya kumwonyesha. Nilimshika tu.

Kamanda ameshaelezwa, na amekubali nianze kupiga mwezi ujao, mume wangu akiwa pembeni yangu. Jana alipanga swingi ya wimbo mpya kwa kumbukumbu, akanigeukia na kunitazama usoni aone kama imekaa sawa. Nilisema imekaa. Haikuwa imekaa. Niliirekebisha alipotoka kwenda kuchota maji, huku nikiutazama mlango kama mwizi.

Mama usimwambie kwa sasa; atasema alisema. Ila wewe njoo. Ukifika usimpigie kelele, maana kupigiwa kelele kunamuumiza kuliko kutosikia. Kaa kushoto kwake, huko bado kumebaki kidogo. Na msingoje likizo, dada. Mlete yule mwanao mdogo anayeanza kusema. Mume wangu anataka kuijua sauti yake.

Wasalimie wote hapo, na shemeji umwambie sijamsahau.

Mdogo wako akupendaye.