Meza ya Dirishani

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba goti limepunguza ukorofi. Shemeji ananiambia umekataa fimbo kwa sababu eti fimbo ni ya wazee. Haya mama, tutaona nani atashinda, wewe au goti. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umenifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningeanza kuropoka habari za mvua na majirani, si unamjua Chiriku wako.

Ofisini tumerudishwa, lakini si ile ofisi tuliyoiacha. Wakati wa ugonjwa wa korona, sote tukifanyia kazi nyumbani, kampuni ilimrudishia mwenye jengo ghorofa mbili ikabaki na moja. Sasa hakuna mwenye meza. Ukitaka kuja, jana yake unachagua meza kwenye simu, yako au ya mwenzako anayekuja nawe, na jina linaonekana pale. Usipotaka, fanyia kazi kitandani, shauri yako. Mhasibu wetu mmoja alipoulizia meza yake ya zamani, aliambiwa asiyekuwepo na lake halipo. Watu wakacheka. Mimi nikaenda msalani, nikafungulia bomba ili nisisikike nikilia.

Maana meza ya mume wangu ilikuwepo, mama. Ile ya dirishani, inayotazamana na yangu. Akiwaza alikuwa akiigongagonga kwa pete, mpaka rangi ya ukingoni ikabanduka. Siku tulipoambiwa tukakae nyumbani wiki mbili tu, alisukuma kiti ndani vizuri, akaniomba tukirudi nimkumbushe kumwagilia ua lake. Ua lilikauka. Mwenyewe hakurudi.

Sasa nilipotazama majina kwenye simu, nikaona na lake limo. Walioyaingiza walichukua orodha ya zamani. Basi kila jioni nikawa namwekea meza yake, nami najiwekea yangu; hata siku niliyobaki nyumbani kwa homa, yake niliiweka. Watu wakiona jina, wanapita. Nilifanya kazi vizuri, mama, kuliko nilivyowahi kufanya tangu mambo yale yatupate. Nilikuwa nikiinua macho nakuta kiti kitupu, nami naridhika.

Ijumaa iliyopita bosi alituita sote kwenye chai. Ni mgeni, aliajiriwa wakati tunaonana kwenye kompyuta tu, na sura za wengi wetu hazijui. Alisema ana zawadi ya mfanyakazi aliyefika ofisini siku nyingi kuliko wote, tena hajakosa hata siku moja. Akasoma jina la mwanao, lote, mpaka la babake. Akaomba asimame tumpigie makofi.

Hakuna aliyepiga. Nilisimama mimi. Nilifungua mdomo, ulimi ukagoma. Yule mhasibu ndiye aliyenisaidia.

"Bosi," alisema, "huyo tulishampoteza. Huyu ni mkewe."

Bosi alikaa. Baadaye alinifuata akaniomba radhi, akasema jina itabidi litolewe, ila akaniachia nilitoe mwenyewe. Jioni ile nilikaa kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza. Nikapapasa pale palipobanduka. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, nikalala juu ya meza ile nikalia mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Jumatatu dada mmoja mgeni alikaa pale, akanisalimia vizuri. Hana kosa.

Mama, asubuhi ile ulinipigia ukaniuliza mwanao anaendeleaje. Nikakujibu amelala, nikampa simu shemeji, ambaye wakati ule alikuwa kwetu. Yeye ndiye aliyekwambia. Safari zilikuwa zimefungwa, tukamzika wewe huko, mimi huku, na mpaka leo hujanisikia nikilitamka. Mimi ninayesema mchana kutwa, neno hilo moja halikutoka, kwako wala kwa mtu yeyote. Ulingoja jibu langu, najua, na hukunisukuma.

Leo nakujibu. Mama, mwanao amefariki. Alifariki alfajiri, nyumbani, mkono wake nimeushika, na mtu wa mwisho aliyemtaja ni wewe.

Kwa kuwa kazi yetu siku hizi hufanyika popote, naomba nije niifanyie hapo mezani kwako, mwezi mzima au zaidi, ukiniruhusu. Msalimie shemeji na watoto, na hiyo fimbo uikubali. Nikifika nikakaa kimya, usiniulize nina nini. Niketishe karibu yako tu.

Mimi mkweo,
Chiriku